Faida ya Tarehe Ishirini na Nane

3 Februari

Mdogo wangu,

Hela imeshafika kwako, nimeuona ujumbe. Nakuandikia kwa kalamu maana jana ulipopiga simu nilikuwa naitikia "ndiyo, ndiyo" na sikusikia hata nusu. Sauti yako kwenye simu siku hizi ni kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Tulianza na barua ulipokuwa shule ya bweni, tuendelee nazo.

Daktari wa masikio amenipima tena. Anasema ni zile mashine. Miaka kumi na tisa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, shuka za wodi sita, mashine nne zinanguruma tangu saa moja asubuhi, na ile kubwa ya kukamua ambayo ikianza kuzunguka hata sakafu inatetemeka. Sikio la kushoto limeshastaafu. La kulia limebakiza kidogo. Nikiondoka pale kabla ya mwaka kwisha, hicho kidogo kitabaki. Nisipoondoka, daktari hatoi ahadi.

Kwa hiyo unajua hii hela ni ya nini. Inatosha mashine mbili ndogo zisizo na kelele na kodi ya chumba cha mbele, nifungue udobi wangu mwenyewe. Haitoshi kunilisha wakati wateja hawajanizoea, ndiyo maana nimekubali uizalishe kidogo kwanza kwa hiyo programu yako. Mimi sijui soko la hisa, najua sabuni. Ila kazini kwetu shuka huhesabiwa mara mbili, zikiingia na zikitoka. Hesabu ya mlango wa kuingilia ni matumaini tu. Ya mlango wa kutokea ndiyo hesabu. Nawe uifanyie hela yangu hivyo hivyo.

Na ule mboga. Nakujua.

Dada yako


17 Februari

Dada, shikamoo,

Mboga nakula. Uliza swali lingine.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, usije ukadhani nimempa hela yako mganga. Dalali wa hisa ninayemtumia yuko mtandaoni, na ana mlango wa pembeni. Badala ya mtu kukaa anabofya nunua, uza, unaandika programu yako, unaipa ufunguo, yaani mstari mrefu wa herufi na namba, nayo inaingia kwa huo mlango na kutoa maagizo yenyewe. Mlango huo wanauita API. Programu yangu nimeipa jina la Karani. Kila soko likifunguliwa Karani anaangalia bei za kampuni kumi nilizomchagulia. Hisa ikishuka siku tatu mfululizo, ananunua kidogo. Ikirudi ilipokuwa, anauza. Hana tamaa, hana hofu, haendi kula mchana.

Wala sikukurupuka. Dalali anatoa akaunti mbili, ya mazoezi yenye hela za kuigiza, na ya kweli. Kila moja na ufunguo wake. Wiki mbili hizi Karani amekuwa mazoezini. Hata kiasi cha kuanzia nilikiweka sawa na akiba yako, senti kwa senti, ili mazoezi yafanane na kweli. Amefanya vizuri mno. Jumatatu naisafisha akaunti ya mazoezi, nakirudisha mwanzo kila kitu, na Karani namhamishia kwenye ya kweli.

Ulisimama kwenye maji ya sabuni ili mimi nikae darasani. Safari hii kaa wewe.

Mdogo wako


20 Mei

Dada, shikamoo tena,

Kaa kitako kwanza. Karani amefikisha asilimia kumi na mbili. Kwa miezi mitatu!

Hapa ghalani ninapotengeneza kompyuta za watu wa mauzo nimewaonyesha mchoro unavyopanda. Mhasibu alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Sasa wananiita Profesa. Meneja mwenyewe, ambaye mwaka mzima ananiita "wewe wa kompyuta," jana kasema mbele za watu, "Profesa, hebu njoo uniangalizie hii." Nikaenda kwa madaha, wala sikuharakisha.

Sijatoa kitu bado. Kuku anayeatamia hasumbuliwi.

Mdogo wako, ambaye sasa ni Profesa


4 Juni

Profesa wangu,

Barua yako nimewasomea wenzangu kazini. Nilisahau kwamba mashine zilikuwa zimezimwa, nikawa nasoma kwa kupiga kelele mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna moto wapi. Mama Pasi, yule rafiki yangu anayepiga pasi meza ya mwisho, alipiga vigelegele. "Kumbe ile ada haikwenda bure!" Nilijisikia vizuri, sitaki kukuficha. Siku nyingi sijajisikia hivyo.

Lakini kuku akiatamia kupita siku zake, mayai huoza. Nitumie faida ya mwezi mmoja tu, niishike mkononi. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, imebaki kutiwa tarehe. Wiki jana sikio la kulia lilinipigia filimbi siku mbili mfululizo, halafu likanyamaza kwa namna ambayo sikuipenda.

Dada yako


19 Juni
(Haikutumwa)

Dada,

Sijui nianzie wapi, basi naanza na lililo baya. Hakuna faida.

Leo nimekwenda kukutolea hela. Nimefungua akaunti ya kweli na ndani yake kuna akiba yako kama ulivyonipa Februari. Haijapungua, haijaongezeka. Hakuna hata hisa moja iliyonunuliwa. Nikadhani kosa ni la dalali, nikampigia kwa ukali. Binti mmoja mpole sana akaniuliza, "Samahani kaka, una hakika ufunguo uliouweka kwenye programu yako si ule wa mazoezi?" Nikafungua faili. Ni ule wa mazoezi. Jumatatu ile nilibadilisha kila kitu, mpaka rangi ya mchoro, nikauacha mstari huo mmoja. Na kwa kuwa asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeyarudisha mazoezi kwenye kiasi kilekile cha akiba yako, nilipofungua nikaiona namba niliyoitegemea, nikaridhika. Miezi minne Karani amekuwa akifanya biashara ya hela ambazo hazipo, nami nikitembea kifua mbele.

Nilifikiri nimhamishe leo, nikae kimya. Nikampima upya, safari hii nikiweka ada ya dalali na bei ambazo watu hununulia kweli, maana kwenye mazoezi kila agizo linakubaliwa papo hapo. Angekula hasara. Karani si hodari, Dada. Alikuwa anapiga mbizi kwenye beseni.

Ningekuwa nimepoteza hela ningelia, ungenifariji, yangekwisha. Hii ni aibu ya kuchekwa. Umewasomea watu barua yangu. Mama Pasi amepiga vigelegele. Nikifikiria ukisimama mbele yao kuwaambia kwamba mdogo wako hakujua hata anacheza uwanja gani, uso unaniwaka hapa nilipo peke yangu.

Kesho nitaituma barua hii.

Mdogo wako


28 Juni

Dada, shikamoo,

Hiyo niliyokutumia kwa simu leo ndiyo faida ya kwanza. Kila mwezi itakuja. Samahani kwa barua fupi, kazi zimenizidi.

Tia tarehe kwenye barua yako, uondoke kwenye hizo mashine.

Mdogo wako


5 Agosti

Mdogo wangu,

Faida ya pili nimeipata. Tarehe ishirini na nane, kama ya kwanza, na kiasi kilekile. Soko lako lina adabu sana. Linalipa siku moja na hospitali.

Mimi kazi nimeacha, ondoa wasiwasi. Nafua kwa mkono hapa nyumbani, wateja wawili watatu, mashine nitanunua baadaye. Kimya kinanifaa.

Mama Pasi na wenzake wanauliza kama Karani anaweza kuwachukulia na vihela vyao. Nimewaambia nitakuuliza. Nami nina swali langu. Akiba yenyewe ipo?

Dada yako


20 Agosti

Dada, shikamoo,

Nimefurahi mno kusikia umeacha kazi. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa ajili ya hilo tu.

Hela za Mama Pasi na wenzake usizipokee. Waambie Karani ameshajaa. Waambie lolote, ila usizipokee, nakuomba.

Akiba yako ipo yote, haijapungua hata senti. Ukiitaka sema tu.

Mdogo wako


11 Oktoba

Mdogo wangu,

Samahani kwa mwandiko, mkono umechoka.

Mama Pasi nimemwambia Karani amejaa, akasema hata basi likijaa kondakta husema songeeni mbele. Nikacheka tu.

Sikukuu ulisema utakuja, hukuja. Mara ya pili sasa. Mtu aliyepita huko kwenu ameniambia umehama ile nyumba ya vyumba viwili, na kwamba jioni umekaa kibandani unatengeneza simu za watu. Nikamwambia amekufananisha, Profesa hawezi kukaa kibandani.

Kama kuna jambo, niambie. Mimi ndiye niliyekuwa nafua shuka zako ulipokuwa unakojoa kitandani mpaka darasa la tatu, na sikumwambia mtu. Hakuna utakaloniambia likanishinda.

Dada yako


30 Oktoba

Dada, shikamoo,

Hakuna jambo. Kibanda ni cha rafiki, namshikia tu. Nyumba ile ilikuwa kubwa kwa mtu mmoja.

Nitakuja Desemba, Mungu akipenda.

Mdogo wako


16 Januari

Kwa Profesa,

Hatujaonana, lakini mimi ndiye niliyekupigia vigelegele mwezi wa sita, kwa hiyo nina haki ya kukuandikia. Dada yako hajui kama naandika, na akijua atanimwagia maji ya dawa.

Dada yako hajaacha kazi hata siku moja. Barua yake ya kuacha iko kwenye kabati la sabuni, mpaka imepata ukungu. Tangu Agosti amekuwa akichukua na zamu za ziada, akisimama palepale kwenye ile mashine ya kukamua ambayo wenzake wote wanaikimbia. Tukimwambia, "Mama, sikio hilo," anasema kuna pengo analiziba.

Jumatatu toroli la shuka lilikuwa linarudi nyuma. Tukapiga kelele sote, mpaka anayelisukuma akapiga kelele. Hakugeuka. Limempiga kiunoni, ameanguka, mfupa haukuvunjika. Lakini walipompeleka kwa daktari wa masikio ndipo ikajulikana. La kulia nalo limekwisha. Inaelekea lilikwisha tangu Desemba, yeye akawa anatuangalia midomo na kucheka sisi tukicheka.

Nilipokwenda kumpangia kitanda nikakuta foronya imefungwa fundo chini ya godoro. Ndani mna faida zako zote saba, kila moja kwenye bahasha yake, hakuna iliyoguswa. Nikamwandikia kwenye karatasi, hizi za nini? Akaniambia, "Ni mshahara wa mdogo wangu. Ameipoteza ile akiba, maskini, anaona haya kusema. Usimwambie mtu."

Mimi si mtu wa maneno mengi, ila njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye sikio la mtu mwingine. Kama una ulimi, huu ndio wakati wake. Bahati mbaya hatakusikia.

Mama Pasi


19 Januari

Dada,

Mama Pasi ameniandikia. Usimgombeze.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya tarehe kumi na tisa Juni. Isome hiyo kwanza. Nilisema ningeituma kesho yake. Nimelala nayo chini ya mto miezi saba, na kila siku ilikuwa kesho.

Ukishaisoma utaelewa ninachokuambia sasa. Sikuipoteza akiba. Ilikuwa pale tangu siku ya kwanza, nzima, mahali ambapo Karani hakuwa hata na ufunguo wa kufika. Leo nimeitoa yote na kukutumia. Imenichukua dakika nne. Ningeweza kuzipata hizo dakika nne Juni, ungenunua mashine zako, ungekuwa umekaa kwenye kimya ulichokichagua.

Nilichokuwa nakutumia ni nusu ya mshahara wangu na vihela vya kibandani. Nilijiambia nakulinda. Si kweli. Nilikuwa nalinda jina la Profesa, ambalo watu wa ghalani wameshalisahau. Sasa wananiita "wewe wa kompyuta" kama zamani, na hakuna aliyekufa. Nilikuwa naogopa kuchekwa na watu ambao hata hawakumbuki.

Hela yako yote ipo, Dada. Nilichokula mimi ni miezi saba ya sikio lako, na hicho sijui mtu anakirudisha vipi. Sijui hata niombe msamaha kwa neno gani. Naona haya kujiita ninavyojiita hapa chini.

Mdogo wako


2 Februari

Mdogo wangu,

Nimezisoma zote mbili, ya Juni kwanza kama ulivyosema. Ile ya Juni ni nzuri. Ungeituma ningecheka mpaka nikae chini, halafu ningekutukana kidogo, halafu ningekwenda dukani kuulizia bei za mashine.

Sitakuambia kwamba hakuna neno, maana neno lipo. Asubuhi naamka nimekukasirikia. Mtu akifungua mdomo mbele yangu na mimi naona meno tu, nakukasirikia zaidi. Jioni hasira inapungua. Najua itakuwa hivyo kwa muda, uvumilie.

Lakini na mimi nina langu, na nimezunguka siku nne nikitafuta namna ya kuliandika. Tangu faida ya pili nilijua ni mshahara wako. Hisa gani hiyo inayopanda kwa kalenda? Nikajua akiba imepotea. Ndipo nikakuandikia kwamba nimeacha kazi, ili upumue, nami nikabaki mashineni niizibe mwenyewe. Uliponijibu kwamba ipo yote, haijapungua hata senti, nililia. Nilisema, amefika mahali pa kunidanganya waziwazi. Kumbe katika barua zako zote tangu Juni hilo ndilo lilikuwa la kweli, na ndilo nililokataa kuliamini. Ukasema, ukiitaka sema tu. Ningesema. Sikusema, nikiogopa utakwenda kuikopa kwa watu wabaya.

Hiyo ndiyo sababu ninayowaambia watu. Iko nyingine. Nilitaka useme mwenyewe. Nilitaka kuona kama niliyemlea ataleta ukweli bila kuburutwa, na nilikuwa tayari kusubiri. Nilisubiri nimesimama kando ya ile mashine, nikijua inanifanya nini. Kila siku nikasema, leo barua yake itakuja. Mimi ninayewafundisha wageni kuhesabu mlango wa kutokea, hela yangu sikwenda kuihesabu, kwa kiburi. Kwa hiyo usijitwike mzigo wote. Nusu yake ni yangu, na ninaionea haya kama wewe unavyoionea yako.

Mashine mbili nimeshanunua. Muuzaji aliniandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa kwamba hazina kelele kabisa. Nilicheka peke yangu pale dukani, akadhani nafurahia bei. Zimekaa chumba cha mbele. Nikitaka kujua kama zinafanya kazi naziwekea kiganja.

Foronya yako iko palepale, uje uichukue.

Barua zimetushinda, mimi na wewe. Karatasi inakubali kila unachoiandikia. Kuna mwalimu hapa karibu ananifundisha kusoma midomo, na nimeambiwa mimi ni mwepesi. Kwa hiyo usiniandikie tena. Njoo. Utakaa mbele yangu, utaongea polepole, na kila utakaponiambia jambo itabidi uniangalie usoni.

Ukifika usipige hodi. Mlango nitauacha wazi.

Dada yako